Alirudi, Nukta

Katika mji ule mtu hafi mara moja. Kwanza anakufa kama wafavyo watu kote: pumzi inakatika, macho yanafumbwa, wanawake wanajifunga kanga viunoni na kuulizana sufuria kubwa iko kwa nani. Hicho si kitu. Kifo chenyewe kinakuja baadaye, na kinakuja kimevaa koti. Anatokea Mchujaji mlangoni pa matanga, kifumbu cha shaba kikining'inia kiunoni, anakohoa, anasema, "Maisha ya huyu yanatufunza kwamba," na akishafika mwisho wa hiyo sentensi yake, kwisha. Jina la marehemu linachomoka midomoni mwa watu kama jino bovu. Mama anafumbua kinywa amwite mwanawe, linatoka funzo badala yake. "Haraka haraka haina baraka," anasema mama wa watu, machozi yanamtiririka, wala hajui tena anamlilia nani.

Na mpaka sentensi isemwe, jua haliruhusiwi kuchwa. Linaganda juu ya paa la soko, alasiri ile ile, kivuli cha ukuta kimelala pale pale kama mbwa aliyeshiba. Watu wanachoka. Maziwa yanaganda vikombeni. Imewahi kutokea matanga fulani yakachelewa, na mtoto aliyeingia amebebwa mgongoni mwa mamaye akatoka ana ndevu na anatafuta mchumba, na bado ilikuwa alasiri. Ndiyo maana hata wafiwa wenyewe, ukiwachunguza vizuri, wanamngoja Mchujaji kwa hamu: aje, aseme, tulale.

Mambo haya yalianzia kwenye Kitabu. Zamani, kabla mji haujanyooshwa, Kitabu kilikuwa kizima, kinene, kimejaa watu kama nyumba ya harusi. Mlikuwamo walevi na manabii. Mlikuwamo wake wenza walionuniana kwa sababu ya tunguja, na ndugu waliomtumbukiza ndugu yao shimoni kisha wakakaa kitako wale chakula. Mfalme alipanda darini kupunga upepo akaona asichopaswa kuona. Punda alisema, tena alisema la maana kuliko aliyempanda. Kisha wakaja Wachujaji. Wakafanya afanyavyo mpishi na nazi: wakaikuna hadithi, wakaitia maji, wakaikamua vifumbuni mpaka likatoka tui, na tui hilo ndilo wakaliita funzo. Machicha wakayatupa nyuma ya ukuta, kwa kuku. Kwa Sara wakakamua: Usicheke. Kwa Ayubu: Vumilia. Kwa Yona: Usikimbie. Kwa yule mke wa Lutu, ambaye hata jina hawakuwahi kumuuliza: Usigeuke.

Hili la mwisho mji ulilidaka kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo hakuna aliyegeuka. Ukiitwa kwa nyuma, unapiga mtaa mzima, unapita kwa muuza mkaa, unazunguka kisima, mpaka unaibukia mbele ya aliyekuita; hapo mnaonana uso kwa uso, mnasalimiana. Shughuli nyingi zilichelewa kwa njia hiyo, na mapenzi mengi yalipotea kati ya mkaa na kisima. Hakuna aliyelalamika. Kulalamika nako kulikwisha kuchujwa.

Sikudhani alikuwa msusi. Kazi ya msusi iko kisogoni, na katika mji ambao hakuna ajuaye kisogo chake kikoje, msusi ni mtu wa kuogopwa kidogo na kupendwa sana. Barazani kwake hapakauki watu. Anayesukwa ni mmoja, wanaosubiri zamu ni kundi, na wasiosukwa wala kusubiri, waliokuja tu kujua nani kafumaniwa, ndio wengi kuliko wote. Nyumba isiyo na kelele ilimtia homa. Alikuwa akisema mwenyewe kwamba kimya ni cha samaki.

Yeye na mdogo wake, Havijawa, walikulia nyuma ya ukuta, kule kwenye kuku, na kule ndiko walikopata habari. Maana machicha si takataka. Kuku waliokula machicha ya Sara walikuwa wakicheka, kisha ukiwakodolea macho wanajifanya hawakucheka. Jogoo aliyedonoa mabaki ya Yona alikuwa kila siku amesusa, kakaa peke yake chini ya mche wa mbarika, anamnunia Mungu kwa sababu Mungu amesamehe. Wasichana wale wakakipata Kitabu kama umbea unavyopatikana: nani alimwambia nini nani, nani alikuwa nyuma ya pazia, nani alinyamaza alipotakiwa kusema. Walijua kwamba baba mmoja alitembea siku tatu na mwanawe kwenda mlimani kumchinja, na kwamba kuku wote, hata mtetea mzee mwenye maneno kuliko wote, hawakuwa na habari ya mazungumzo ya njiani. Sikudhani alipenda hadithi pale ziliponoga. Havijawa alizipenda pale zilipotoboka. Alikuwa akitia kidole kwenye tundu, anasema, "Hapa, dada. Hapa ndipo wanapoishi."

Basi soko likaungua.

Watu wakatoka kwa utaratibu, macho mbele, moto ukiwapumulia visogoni. Sikudhani alikuwa amemshika mdogo wake mkono. Njiani ule mkono ukatoka katika mkono wake. Haukuchomoka, haukuvutwa. Ulitoka taratibu, kama mkono wa mtu anayesema nakuja sasa hivi. Akasikia nyayo zinarudi walikotoka. Havijawa alirudi, na hakutoka tena.

Ndiyo hayo matanga. Nyumba ilijaa mpaka watu wakakalia vizingiti, na kama ilivyo ada ya nyumba iliyojaa, maneno nayo yakajaa. Mama Tuzo, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, alisema Havijawa alimrudia muuza vitunguu mwenye mwanya. Watu walikuwa wanajua tangu zamani, ila walikuwa wanaheshimu. Mwingine akasema hapana, alirudia mwavuli wa kuazima. Mwingine akaapa kwamba marehemu alikuwa ameacha maharage jikoni, na alipoulizwa mtu anaogopaje maharage kuungua wakati soko zima linawaka, akajibu kwamba ndiyo maana aliogopa. Watu wakacheka, kisha wakaona aibu, kisha wakacheka tena. Sikudhani alicheka kuliko wote. Kila sababu ilimketisha Havijawa mkekani upya, na kila mara alikaa tofauti kidogo: mara mpenzi, mara mwoga wa madeni, mara mpishi mkaidi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa yeye, na wote walikuwa na mabega yake.

Kulikuwa na mgeni mmoja ambaye hakujulikana na mtu. Mama wa makamo, amejitanda nguo nyeupe, na kila alipohama mkeka ulibaki na chembechembe. Mama Tuzo akaonja kwa ncha ya ulimi, akanong'ona kwamba ni chumvi. Wakamuuliza, mama nani? Akasema hakuwahi kuambiwa. Wakamuuliza, basi wa nani? "Wa Lutu," akasema, kama mtu anayetaja mtaa aliopanga, na akaomba chai, sukari nyingi. Hakuna aliyeshangaa sana. Alasiri ndefu kama ile huleta watu wa kila aina, na mfiwa hamfukuzi mgeni.

Mchujaji akafika. Akavua kofia, hakuvua viatu. Akakohoa.

"Maisha ya huyu," akasema, "yanatufunza kwamba tamaa mbele, mauti—"

Lilibaki neno moja. Kila aliyekuwamo alilijua, maana ni methali ya kila mdomo. Sikudhani akahisi jina la mdogo wake linalegea kwenye ufizi. Alitazama mkono wake ulioshika kikombe akauona ni wa Havijawa, na kovu la wembe likiwa pale pale kwenye kidole gumba, kisha ukawa wa mtu asiyemjua, kisha ukawa mkono tu.

"Nani alimwona?" akasema.

Mchujaji hakuzoea kukatizwa. Kwa upole akaeleza kwamba jambo hilo linajulikana. Marehemu alirudia kasha lake la mauzo, kama wafanyavyo wenye pupa, na mji hauna budi kujifunza.

"Sikuulizi alirudia nini, bwana mkubwa. Nakuuliza nani alimwona. Mji mzima ulikuwa unatazama mbele. Wewe ulikuwa wapi?"

"Mbele, pamoja na watu."

"Basi hilo kasha umelionea wapi?" Sikudhani akaweka kikombe chini. "Au uligeuka?"

Mama Tuzo alimeza andazi bila kulitafuna. Watu wote wakamtazama Mchujaji shingoni, na Mchujaji mwenyewe akaipapasa shingo yake, kama mtu anayeulizwa ubikira wake hadharani. Kusema aliona ni kukiri aligeuka. Kusema hakugeuka ni kukiri hakuona. Akafunga mdomo. Neno lake la mwisho likabaki humo ndani, shavu limetuna.

Alitoka kwenda uani na baba mdogo Kasiani, mzee wa ukoo, aliyekuwa anasinzia kitini kwa uchovu wa lile jua lisilokwisha. Waliporudi walikuwa wanatabasamu wote wawili, na hapo Sikudhani ndipo alipoogopa. Maana mkali unamjua. Utamfanya nini mpole?

Mchujaji alisema wamefikiri upya. Mji si katili. Havijawa hakurudia kasha. Havijawa alirudi kuokoa mtoto. Mtoto wa nani, si hoja. Watoto ni wa wote. Na funzo litakuwa: Upendo hauogopi moto. Litachongwa kwenye lango jipya la soko, herufi kubwa, na wachumba watakuwa wakipiga picha pale.

Baba mdogo akaja akakaa karibu, akamshika Sikudhani goti. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wenzao huko wanapewa mafunzo ya wizi na uzembe, wanatembea wameinama. Ukoo wao unapewa lango. "Kubali, mwanangu. Watu wamechoka. Sisi tulale, na yeye alale."

Tusimsingizie Sikudhani ushujaa asiokuwa nao: alilitaka lile lango. Alilitaka kwa tumbo na maini. Aliliona limesimama, na watu wanapita chini yake wakiangaza nyuso, na hakuna tena wa kusema mdogo wa yule msusi alikufa kwa pupa. Alimwona msichana aliyechongwa pale juu, mtoto kifuani, uso umeelekea mbinguni. Alimtazama sana. Alikuwa mzuri, msichana yule. Hakuwa amewahi kumnyima mtu chumvi. Hakuwahi kung'oa nywele za dada yake kwa hasira ya kitana. Hakuwa na tundu hata moja la kutia kidole.

Yule mama wa chumvi alisogea, akaacha alama yake mkekani.

"Mimi walianza na tamaa," akasema. "Eti nililia vyombo vyangu. Baadaye wakaja wenye huruma, wakasema hapana, mama wa watu aligeukia binti zake walioolewa kule. Nikafurahi. Nikadhani nimepata wa kunitetea. Halafu nikaona wote, wakali na wapole, kila mmoja anaondoka na sababu mkononi, na mimi naachwa palepale barabarani."

"Na kweli uligeuka kwa nini, mama?" Sikudhani akauliza. Nyumba nzima iliinama kusikia, hata Mchujaji.

Akanywa chai yake mpaka chini, kwenye sukari.

"Kitabu hakikusema," akajibu. "Ndicho peke yake kilichoniheshimu."

Sikudhani akasimama. Alizoea kusema na visogo. Sasa nyuso zote zilikuwa zimemwelekea, na maneno yakamtoka vipande vipande, kama nywele zinavyofumuliwa.

"Sikilizeni. Mwanamke aligeuka. Akawa chumvi. Kitabu kimesema hayo, kikanyamaza. Mnadhani aliyeandika alisahau? Huyo huyo aliyekumbuka kutaja ngamia na punda na mbuzi wa kila tajiri, asahau moyo wa mtu? Hakusahau. Aliacha mlango wazi, tuingie, tukae, tuulizane mpaka kesho. Mmekuja nyie mkaukomea.

"Yona. Hadithi yake inaishia kwenye swali. Tena anayeuliza ni Mungu. Anamuuliza habari ya mji mkubwa, watu wasiojua kulia wala kushoto, na mifugo, je, asiuhurumie? Na Yona hajibu. Imekwisha. Mungu mwenyewe ameachwa pale anangoja jibu, bwana mkubwa. Wewe ni nani hata ushindwe kungoja?

"Daudi. Mwanawe kataka kumpindua, kafa ananing'inia mtini. Funzo si lile pale, limeiva, linadondoka lenyewe? Mfalme yule alikuwa na maneno yote ya dunia. Akapanda chumba cha juu. Akamwita mtoto kwa jina. Akamwita tena. Akamwita tena. Hakuna 'kwamba'. Jina tu, na mwanangu, na jina.

"Mnasema mnatufunza. Kitu kilichokuwa kinatembea mmekifunga mahali pamoja, na kisichotembea huingia funza. Hizi zilikuwa hadithi. Zilikuwa na watu wabaya niliowapenda na watu wema niliotaka kuwazaba kofi. Nililelewa nazo na kuku. Sikuzipenda kwa sababu zilinifanya mwema. Nitazameni, zimenifanya mwema? Nilizipenda kwa sababu nilipoingia humo nilikuta nyumba imejaa."

Baba mdogo Kasiani akajiinamia. Mchujaji aliuliza, kwa subira ya mtu mwenye jua upande wake, kama dada amemaliza, na kama amemaliza, basi aseme mwenyewe. Heshima hiyo mji haujawahi kumpa mfiwa yeyote. Amalizie sentensi anavyopenda. Akaianzisha kwa niaba yake: Havijawa alirudi kwa sababu.

"Havijawa alirudi," akasema Sikudhani.

"Kwa sababu?"

"Alirudi, nukta."

"Hiyo si sentensi ya kufungia matanga."

"Ndiyo maana hayafungwi."

Mchujaji akavaa kofia. Akawageukia watu, au tuseme akazunguka chumba kizima mpaka akawa mbele yao, na akawaambia wazi, bila ukali. Jua litabaki lilipo. Usiku hautakuja mji huu. Hawatalala, wala watoto wao hawatalala, na wakiulizwa nani kawanyima usingizi watajua pa kunyoosha kidole. Akasema atasimama mlangoni. Wakichoka, wamwite.

Sikudhani akakaa mkekani. Alikuwa amesema yake. Yaliyobaki hayakuwa yake. Aliwatazama wale watu aliowasuka, aliowacheka, aliowalisha na kuwasengenya, macho yao mekundu kwa mwanga, na akajua kwamba mmoja tu akisema basi, imetosha, jina litatoka kinywani mwake na hatalipata tena hata kwa kuku.

Mama Tuzo alisimama kwa kishindo cha magoti. Akaenda jikoni. Wakamsikia anafunua makopo, anafunika, anafunua. Akarudi ameshika mwiko.

"Sukari ipo," akasema.

Akakaa.

"Haya, shoga. Huyo Havijawa alizaliwa lini? Maana watu wanasema siku ya mvua ya mawe."

Sikudhani akasema si kweli, mvua ya mawe ilikuwa ya kuzaliwa yeye mwenyewe. Mtu kutoka kizingitini akasema wote wawili waongo, yeye alikuwapo, Havijawa alizaliwa siku ya ugomvi wa kisima, na mkunga alikuja na jicho limevimba. Baba mdogo Kasiani akainua kichwa, akasema jicho la mkunga lilivimba kwa mambo mengine kabisa, na kwamba kama wanasimulia wasimulie sawasawa, Havijawa alitoka tumboni anapiga chafya. Wakabishana juu ya chafya. Mmoja akaanzia katikati, Havijawa amekwisha kuwa mwari na anamtukana mwalimu wa kwaya. Mwingine akaanzia moto. Mwingine akaanza na jambo ambalo halijatokea, Havijawa ni mzee, hana meno, anakataa uji. Walisema Havijawa, wakasema Havijawa, jina likapita mdomo hadi mdomo kama kikombe kimoja kwenye nyumba ya wengi. Mama wa chumvi alimwuliza aliyekaa karibu naye kama angeweza kubaki kidogo, akaambiwa jongea, mama, ukuta huo hapo, egemea.

Mchujaji alikuwa mlangoni, kifumbu mkononi, anangoja hadithi ifike mwisho aikamue. Kila ilipokaribia, mtu alisema ngoja, umeruka.

Nje jua lilisimama. Na lisimame.